Notburga Aliyegoma Kuizika Mizizi Hai

Ndugu waombolezaji, Tumsifu Yesu Kristo. Dada yetu Notburga Komba alizaliwa tarehe 9 Machi 1962 hapa Mshangano, mtoto wa tatu wa Mzee Osmund na Mama Lidwina, akamaliza darasa la saba mwaka 1976, akakosa nafasi ya sekondari, akalia wiki nzima, kisha akafuta machozi na kushika jembe.

Mwaka 1983 alipata kibarua cha kupalilia kwenye shamba la utafiti wa mikorosho kule Lusewa, na wataalamu walipochimba shimo kando ya mti na kuegemeza kioo cha dirisha kwenye udongo ili waone mizizi, daftari alipewa yeye, akawa anashuka shimoni kila Jumatatu kuandika tarehe ya kuzaliwa na ya kufa ya kila mzizi, na jamani, akaona ile myembamba kama uzi haimalizi hata mwaka, inakufa na kuzaliwa mingine huku mti umesimama tu.

Tarehe 22 Juni 1985 alifunga ndoa na Selestine Mapunda, fundi baiskeli wa Bombambili, wakajaliwa Polikarp, Anjelika na Lightness, ambao wote walijua kwamba Jumatatu mama haulizwi chakula.

Mwaka 2016 ukame ulipiga, mizizi yote kiooni ikawa myeusi, mtaalamu mgeni akamwamuru aandike kuwa imekufa, na wakulima wakaambiwa wang'oe mikorosho yao. Dada akagoma katakata, akasema ile minene huishi miaka na weusi si kifo, mvua inyeshe kwanza. Akaitwa mbishi, akasimamishwa kazi, akapita nyumba kwa nyumba kuwasihi wakulima waweke mashoka chini, huku hofu ya kuwapotezea msimu endapo amekosea ikimkondesha. Mvua ilinyesha tarehe 3 Desemba, na tarehe 12, mbele ya watu wote, akafuta kioo, na kwenye mizizi ile myeusi ilikuwa imechomoza midogo, myeupe pe! Vigelegele vilisikika hadi barabarani, naye akarudishwa kazini siku hiyo hiyo.

Mwaka 2023 aligundulika ana saratani ya titi, akatibiwa kwa uvumilivu mkubwa, akafariki tarehe 18 Mei 2025, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake Bombambili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kuteka maji, wafanyakazi wenzake, na wewe mtaalamu uliyemwita mbishi, ambaye leo umekuja mwenyewe kubeba jeneza lake, ahsante sana. Mikorosho ya Lusewa inazaa. Dada, ulikuwa sahihi, pumzika kwa amani.