Wanaopanda Ngazi za Jengo la Kihara

Mheshimiwa Diwani wa wadi yetu, Mchungaji uliyetufungulia kwa maombi, ndugu wageni waalikwa mliotoka Waithaka, Dagoretti na Mountain View, majirani mliofunga maduka yenu mje kusimama nasi, na ninyi wapangaji wetu: hamjambo?

Mimi ni Waringa, binti wa Mzee Kihara. Baba yetu alikuwa mwuza nyama wa Dagoretti, na jengo hili la mawe lenye ghorofa tatu alilinunua mimi na kaka yangu Kibe tukiwa bado shule ya msingi. Zamani hizo huko juu kulikuwa na mawakili, daktari wa meno na mpiga picha. Kisha ofisi zikaanza kuhamia Westlands na Upper Hill, wapangaji wakatoka mmoja mmoja, na baba alipofariki tulirithi milango iliyofungwa na njiwa wengi.

Ndugu zangu, jengo tupu hugombanisha watu kuliko jengo lililojaa. Kibe alipata mnunuzi wa kulibomoa afanye maegesho ya magari. Mimi nikakataa kutia sahihi. Tulirushiana maneno mbele ya mama yetu, na tangu siku hiyo Kibe hakukanyaga kwangu, hata Krismasi. Nikarekebisha madirisha, nikapaka rangi, nikatundika kibao cha kupangisha. Wenye makampuni walikuja wakachungulia, wakauliza, "Lifti iko wapi? Gari nitaegesha wapi?" Wakaenda zao. Basi kaka alingojea tingatinga, nami nikangojea mawakili warudi. Je, mji ulikuwa unatungojea sisi?

Mwaka juzi, siku ya mvua, Kibe alikuja na mnunuzi wake kutazama kiwanja. Barazani akamkuta Selpher, huyu aliyeketi hapa mbele, akimsuka mteja huku maji yakiwarukia. Selpher akamwuliza, "Mzee, hizo vyumba za juu mnawekea nani?"

Kibe akacheka. "Nani atapanda ngazi zote hizo aende kusukwa?"

"Wateja wangu hawafuatangi mlango. Wanafuatanga mikono."

Kaka yangu ni mtu mgumu, lakini humpenda mtu mwenye jibu. Akamwambia, "Haya, panda. Ukisikia tingatinga, ushuke."

Selpher akapanda na viti vyake, na wanawake wakamfuata. Waliochoka kungoja zamu wakataka chai, Everlyn muuza chai akaleta jiko. Fidel alipoona watu wanapanda, akapandisha cherehani zake za kushona sare za shule. Niliposikia nikaja mbio, nikakuta vicheko vinasikika hadi barabarani.

Lakini mnunuzi aliendelea kupiga simu. Agosti mwaka jana, Debra, binti wa Kibe, alikuwa anaolewa, akaja kusukwa hapa na wapambe wake. Baba yake akaja kumchukua, akaambiwa asubiri. Nywele za bibi harusi haziharakishwi! Akaketi karibu na dirisha. Nami nilikuwepo, tumenyamaziana. Akawatazama wanawake wakimwimbia binti yake, akanywa chai, akaomba nyingine. Simu yake ikalia. Akaitazama, akaizima. Kisha akanigeukia: "Waringa, kile chumba cha nyuma bado kinavuja?"

"Kinavuja."

"Jumatatu nitaleta fundi."

Akaleta. Nami nililia, ila nilijificha kwa Everlyn, nikasingizia moshi wa jiko.

Sitawadanganya kwamba kazi imekwisha. Ghorofa ya juu kabisa ingali tupu, nyaya za umeme ni kuukuu, na katika barabara hii kuna majengo mengine yaliyofungwa na ndugu wasiosemezana. Mheshimiwa Diwani, tunakushukuru kwa taa za barabarani, hasa ile moja inayowaka. Mitaro nayo inakungoja kwa heshima zote. Na ninyi wenye majengo, nawauliza bila kuwahukumu: mnamngojea mpangaji aliyewahama, au mmekwisha kumwuliza aliyesimama barazani kwenu anahitaji nini?

Nawashukuru mafundi wetu, na mama yetu, aliyetuombea sote wawili bila kuchukua upande. Nanyi nawashukuru kwa masikio yenu na uvumilivu wenu. Chakula kiko juu. Kibe, kaka yangu, waongoze wageni ngazini, uwaonyeshe nyumba ya baba yetu.