Mzee Elieza Mutembei, Aliyefuta Majina Yetu na Kuyatafuta Nyumba kwa Nyumba

Tunamshukuru Mungu aliyetuazima ndugu yetu kwa miaka sabini na miwili. Elieza Mutembei alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 Kamachumu, Muleba, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano. Alibatizwa na kupata kipaimara katika Kanisa la Kilutheri hukohuko.

Alisoma shule ya msingi mwaka 1960 hadi 1967, kisha akajifunza ufundi wa simu Mwanza. Kazi hiyo aliifanya hapa Bukoba tangu 1973 hadi alipostaafu mwaka 2007. Alipanda nguzo mpaka Rubya, na akishuka akakaribishwa ebitoke, ndizi zetu za kupika, hakukataa hata mara moja.

Tarehe 24 Juni 1978 alifunga ndoa na Adventina. Wakajenga Kitendaguro, Mungu akawajalia watoto watatu.

Baada ya kustaafu alinunua kompyuta ya mitumba, akajifunza mwenyewe. Akaipenda Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao mtu hupewa bure na anaruhusiwa kumgawia mwenzake. Kompyuta ya chama chetu cha kuzikana ilikuwa na mfumo ulionakiliwa bila ruhusa, na hilo lilimsumbua. Alimwambia mdogo wake Judica, katibu wa chama: "Jumapili tunaimba, Jumatatu tunaandika barua kwa kitu cha wizi?"

Agosti 2018 alikwenda mjini siku tatu kuishusha Linux kwenye intaneti. Ikikatika, anaanza upya. Akarudi nayo kwenye flashi. Judica akiwa kando yake, akaichomeka kwenye kompyuta ya chama, na mashine ikauliza kama ifute vyote vilivyomo. Ilikuwa ajibu hapana, wahamishe majina ya wanachama kwanza. Lakini marehemu hakuanza jambo bila sala. Akaweka mkono juu ya kompyuta, wakafumba macho, na sala yake haikuwa fupi. Aliposema amina, kidole gumba kilikuwa kimelalia kitufe cha kukubali. Majina ya kaya mia moja arobaini na tatu yakawa yamekwenda. Daftari la zamani lilikwisha kuliwa na mchwa.

Judica alilia. Mkutano mkuu ulikuwa baada ya wiki tatu, na wapo waliokuwa wakisema mtu wa darasa la saba kama yeye hawezi kutunza orodha. Kaya isiyoandikwa haichimbiwi kaburi wala haipikiwi msibani.

"Kaka, umenizika kabla ya siku yangu!"

"Nyamaza, Ma Judica. Nimefuta mimi, na mbele ya watu nitasema mimi. Ila kuandika, utaandika wewe."

Asubuhi walipita nyumba kwa nyumba na daftari. Mchana Judica aliingiza majina, kaka yake ameketi mikono nyuma asije akamsaidia. "Kipanya hakiumi, waitu, kishike!" Akikosea, alimwambia, "Sawa, sasa rudisha mwenyewe." Alimfundisha kuweka nakala kwenye flashi mbili, moja ikae kwa jirani.

Kwa Bi Zuena waligundua jambo. Mumewe Awadhi alipofariki, jina lake liliondolewa na la mjane halikuandikwa. Miaka minne alikuwa akipikia misiba ya wenzake, yeye mwenyewe hayumo.

"Kwa hiyo Ta Elieza," akasema Bi Zuena, "usingekosea, ningezikwa na nani?"

Marehemu alivua kofia.

Mkutanoni alisimama akakiri, watu wakacheka hadi machozi. Kisha katibu akasoma kaya mia moja arobaini na nne, na habari ya darasa la saba ikaishia pale. Tangu hapo marehemu aliwawekea wengi Linux, na Judica amekwisha kuwafundisha akina mama tisa.

Novemba 2024 miguu ilianza kuvimba, madaktari wakasema ni moyo. Tunawashukuru waliomtibu. Alilala katika Bwana nyumbani, Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa tatu asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Adventina. Watoto Aristides, Evodia na Datius. Wajukuu saba, na mdogo wake Judica. Jumatatu Judica alihamishia jina la kaka yake kwenye ukurasa wa waliotangulia. Kabla hajainuka kitini, aliandika: Adventina Mutembei, mkuu wa kaya.

Bwana, mpokee mtumishi wako, umpumzishe kwa amani yako. Amina.