Gereji Iliyomngoja Fundi Ezron

Wachungaji wetu, wazee wa kanisa, majirani wa Igamba na ninyi wageni mliotoka Tunduma hadi ng'ambo ya mpaka kule Nakonde, poleni kwa msiba na poleni kwa matope, familia imenituma mimi Osea, mdogo wake marehemu, niwasomee njia aliyoipita kaka yangu, na humo mtaisikia pia njia ya shemeji yetu Enesi, maana huwezi kusimulia ya mmoja ukaiacha ya mwenzake.

Marehemu Ezron Yesaya Halinga alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 hapa hapa Igamba, mtoto wa tatu wa mzee Yesaya Halinga na mama Ruti, ambao wote wametangulia, akabatizwa akiwa mchanga, akasoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, na walimu wake walimsifu kwa upole, ila walilalamika kwamba ukimpa kitu kizima anakurudishia vipande, na kweli saa ya ukutani ya baba aliifungua akiwa darasa la nne, akachapwa, akaifunga upya huku analia, na saa ikatembea vizuri kuliko mwanzo.

Mwaka 1981 alikwenda Tunduma kujifunza ufundi wa magari, kwenye gereji za kando ya barabara ambako malori hupanga foleni kuelekea mpakani, na huko ndiko alikofanya kazi maisha yake yote, amelala juu ya boksi chini ya magari ya watu, jua lake, mvua yake, vumbi lake, na mafundi wenzake Wazambia wakimwita Mudala, yaani mzee, hata kabla hajaota mvi. Hakuwahi kuwa na paa la kufanyia kazi.

Tarehe 8 Septemba 1990 alifunga ndoa na Enesi Simbeye, binti wa Ndalambo, katika kanisa la Moraviani hapa Igamba, wakajaliwa watoto watatu, Judith mwaka 1991, Amoni mwaka 1995 na Goodness mwaka 2001, na wajukuu wanne, lakini jamani, kahawa hailimwi kwa simu na malori hayapandi Igamba, kwa hiyo mama Judith alibaki na shamba, na mume akabaki na magari, akija Jumamosi jioni na kuondoka Jumapili baada ya ibada. Shemeji yetu alikuwa akimsindikiza hadi barabarani, anasimama mpaka gari lipotee kwenye kona, halafu anarudi nyumbani, ila ile ovaroli chafu aliyoletewa kufua haigusi, inakaa imetundikwa nyuma ya mlango hadi Jumatano, nyumba nzima inanuka dizeli, na ukimuuliza anakwambia sabuni imeisha. Sabuni gani inaisha kila wiki, shemeji? Tulijua wote kwamba alikuwa anamkumbuka mumewe.

Basi mwaka 2019, kahawa ilipoanza kupelekwa mbichi kwenye mashine ya kikundi na stoo yao ya kuhifadhia kahawa ikabaki tupu, Ezron alisimama mlangoni pa ile stoo, akaipima kwa hatua, akamwambia mkewe kwamba hapa ndipo patakapomrudisha nyumbani, wakimaliza kupafanya gereji hatalala tena Tunduma. Tangu siku hiyo Enesi hakuwa na habari nyingine, alibeba mawe ya sakafu kichwani pamoja na wanawake wa kwaya, akashika taa fundi umeme alipovuta nyaya, akasimamia ukuta wa mbele ulipobomolewa ili gari lipite, na kila Jumamosi mumewe alikuja na kitu kimoja mgongoni, mara jeki, mara jiliwa la kubania vyuma, mara boriti ya kutundikia mnyororo wa kunyanyulia injini, na ukutani akachora kwa rangi nyeusi umbo la kila spana, ili kila moja ijue kwake.

Likabaki shimo, lile ambalo fundi husimama ndani yake akikagua gari kutoka chini, na hapa mtaturuhusu tucheke kidogo hata kama ni msibani, kwa sababu marehemu aliacha maagizo kwa mzee Sadoki na vijana wake wachimbe, na mzee Sadoki, Mungu ampe umri, ndiye anayetuchimbia makaburi yote ya kata hii, mkono wake unajua kipimo kimoja tu. Ezron alipofika Jumamosi alikuta kaburi safi kabisa, kuta zimenyooka, kichwa magharibi, miguu mashariki. Alicheka mpaka akakaa chini, akasema hilo linamtosha yeye lakini gari halitoshi, ila Enesi hakucheka, akasema shimo la kipimo hicho halilali tupu kwenye mji wa mtu, na wazee wakamuunga mkono, ukakatwa mgomba, ukalazwa humo na kufukiwa kama desturi inavyotaka, na shemeji akakataa kabisa ardhi ya pale kuguswa tena hadi mavuno yapite. Marehemu alimsikiliza mkewe. Shimo la pili, refu la kutosha lori dogo, alilichimba mwenyewe mwaka 2022 pamoja na rafiki yake Watson wa Nakonde, na mzee Sadoki aliwekwa mbali, apewe tu chai.

Ilikuwa imebaki milango, na Ezron alikuwa ameshawaaga wenzake Tunduma, ndipo mwezi Juni 2024 miguu ilipoanza kuvimba, na hospitali ya rufaa jijini Mbeya wakaona figo zimechoka, ikabidi akae kwa binti yake Judith huko Mbeya ili asafishwe damu kila wiki. Enesi alimfuata, na huko ndiko walikoishi pamoja kila siku kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, wanakula pamoja, wanaamka pamoja, lakini si nyumbani, na kila kukicha mgonjwa aliuliza kama gereji inavuja. Desemba, Amoni aliipachika ile milango ya gereji na kutuma picha, baba yake akaikuza kwa vidole, akaitazama sana, akasema bawaba zipakwe grisi. Jumatano ya tarehe 19 Februari 2025, saa mbili asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono, Ezron alifariki dunia.

Jana Ijumaa, saa kumi alasiri, mvua inanyesha kama mlivyoona, Landkruza ya mafundi wenzake iliyomleta ilikatika springi pale kwenye kalavati, ikajikokota hivyo hivyo hadi hapa, na baada ya jeneza kuingizwa ndani, Watson na wenzake walibaki uani wanalowa, hawajui pa kuitengenezea na hawana uso wa kuomba. Mama Judith aliinuka kwenye mkeka, kina mama wakamvuta wakisema mjane hatoki, akawaambia wamwache, akafungua fundo la kitenge, akatoa ufunguo, akaifungua ile milango kwa mikono yake. Gari likaingia juu ya shimo, la kwanza kabisa, na yeye akarudi mkekani, akasikia mlio wa spana nyumbani kwake, akalia kwa sauti ambayo hakuwa ameitoa tangu Jumatano. Walipomaliza walifuta kila spana, wakairudisha kwenye umbo lake ukutani, na gari hilo ndilo litakalombeba leo hadi makaburini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi kwa uvumilivu wao, kanisa na kwaya, majirani mliokesha nasi, mzee Sadoki ambaye safari hii kipimo chake kimekuwa sahihi, na mafundi wa Tunduma na Nakonde, tunawaomba msiisahau gereji hii, Amoni ataishika, na mama yenu atafurahi kuwasikia humo.

Kaka, umekuja nyumbani Jumamosi nyingi, na kila Jumapili tulikuona ukiondoka. Kesho ni Jumapili, Enesi hatakusindikiza barabarani. Pumzika kwa amani, umeshafika.