Nyaguthii Aenda Kupumzika

Nyaguthii na Mzee Ogola walikutana ndani ya matatu ya kwenda Cheptiret, wote wakitoka kliniki ya moyo.

"Mimi, mke wangu hanikubalii hata kubeba ndoo," Ogola alisema.

Nyaguthii akacheka kidogo. "Mimi nilitoka wodi asubuhi, jioni nikakamua ng'ombe. Sasa daktari anauliza mbona siponi."

"Si uwaambie watu wa nyumbani, Mama?"

"Nimewaambia. Wanasema mtu akisimama amepona."

Simu ikalia. Mumewe alitaka kujua watakula nini.

"Unga uko jikoni, Baba Mbuthia. Mimi naenda kwa dada yangu, nipumzike mpaka nipone."

"Na akikasirika?" Ogola akauliza.

Gari likasimama kwenye kituo cha kwa dada yake. Nyaguthii akamwachia makanga mfuko wake aushushe, akashuka bila kubeba chochote.