Makosa Matano ya Rafiki Yangu

Mkiniona naangalia mlango, ndugu zangu, msidhani nataka kutoroka. Ni miguu tu. Mwenyekiti aliponiomba nitoe ushuhuda nilimwambia sitaki kiti, akacheka, akakubali. Basi mnivumilie.

Nilifika Machakos baada ya safari ya siku tatu. Nilitoka Kitale juu ya magunia ya mahindi, nikalala Nakuru kwa mtu aliyenijua uwanjani, nikapoteza siku nzima Nairobi nikibembeleza timu ambayo haikunitaka. Asubuhi ya tatu nikashushwa Kyumbi, kwenye njia panda ya kuingia Machakos, na mfuko mmoja na viatu vya mpira vikining'inia shingoni. Ilikuwa miaka ya tisini, na mimi nilikuwa na miaka thelathini na minne. Nilikuwa nimecheza mpira wa vikapu katika miji minne. Kila mji nilikuwa nyota, na kila mji niliuhama kabla watu hawajanizoea. Nilidhani huo ni uhuru.

Kiwanda kimoja cha mji ule kilikuwa na timu. Ukicheza vizuri unapewa kazi stoo. Timu ikikuacha, kazi nayo inakuacha. Nilifunga pointi ishirini na mbili siku ya majaribio, na jioni ile nikawa na kazi. Sikuwa na pa kulala. Jitu moja la timu yetu, mlinzi wa chini ya kikapu, likanishika bega likaniuliza, "Unakula muthokoi?" Nikasema ninakula chochote. Akanipeleka kwa mama yake, juu mlimani, nikakaa miezi mitatu nikila muthokoi wao, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe.

Sasa nawaambia ukweli. Kufunga bado nilikuwa ninafunga. Lakini kurudi nyuma kukaba, magoti yalikataa. Au niseme sawasawa: magoti yalilalamika, mimi ndiye niliyekataa. Tukipoteza mpira, naanza kufunga viatu. Mwamuzi angedhani viatu vyangu havina mwisho wa kufungwa. Nikimaliza, wenzangu wameshapata mpira, wananirushia pale mbele, nafunga, uwanja unalipuka.

Vijana wa mji hawakudanganyika wote. Walikuwa wanapiga kelele kutoka ukutani, wakiniita mzee kwa lugha yao ya mtaani, "Buda, tukuletee kiti?" Na mwingine, "Mpelekeeni na chai!" Nilikuwa ninawapungia mkono kana kwamba wananishangilia.

Lakini yule mpinzani niliyemwachia apite, alikuwa anaenda wapi? Alikuwa anaenda moja kwa moja kwa rafiki yangu, lile jitu la chini ya kikapu lililonipa kitanda. Yeye ndiye aliyelazimika kutoka mahali pake kumzuia, amechelewa, anamgonga. Filimbi. Kosa. Katika mpira ule ukifikisha makosa matano unatoka nje. Mechi baada ya mechi alitoka kabla ya mwisho, mimi nikabaki na kushangiliwa. Makosa yale yalizaliwa na mimi, lakini karatasi ya mwamuzi iliandika namba yake.

Kocha akaniita siku moja. "Huyu rafiki yako anacheza ovyo. Msimu ukiisha namwacha. Wewe unaonaje?"

Ndugu zangu, nilikuwa nimekula kwa mama yake asubuhi ile ile. Nikajibu, "Wewe ndiye kocha."

Ndiyo. Nilisema hivyo.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya shamba la mama yule kuchimbiwa matuta. Wakamba wana mwethya: majirani wanakusanyika wanachimba kwako leo, kesho kwa mwingine. Unapimiwa kipande chako kwa fimbo. Unachimba mtaro, na udongo unautupa upande wa juu, si chini, ili tuta lizuie maji yasibebe shamba. Kutupa juu kunavunja mgongo. Nikangoja wanipe kisogo, nikawa ninatupa chini. Halafu nikavuta udongo kidogo juu, nikaufunika kwa nyasi. Tuta lilikuwa limependeza kweli. Mama mmoja alinisifu.

Mvua ikaja. Sio mvua kubwa ya mafuriko, hapana, hii ilikuwa ya kawaida kabisa. Kesho yake tulikuta maharagwe ya jirani wa chini yamezolewa mistari sita. Kiongozi wa mwethya, mama mfupi aliyevaa gumbuti za mpira za marehemu mumewe, hakusimama pale penye hasara hata dakika moja. Alifuata njia ya maji kupanda, tuta baada ya tuta, sisi nyuma yake, mpaka akasimama kwenye kipande changu.

"Hapa ndipo maji yalipoanzia. Ni pa nani?"

Nikainama. Nawaambieni, nilikuwa ninafunga viatu!

Na nikamsikia rafiki yangu anasema, akimwita mama kwa Kikamba, "Ni pangu, mwaitu." Tayari ameshika jembe. Hakuniangalia hata. Alikuja kuziba kama alivyozoea kuziba, na uso wake ulikuwa umechoka, uso ule ule wa filimbi ya tano. Nilimwona kwa mara ya kwanza, mtu niliyelala chumba kimoja naye miezi mitatu.

Nikasimama. "Anasema uongo. Ni pangu."

Yule mama akanipima kwa macho kutoka juu mpaka chini, na mimi ni mrefu. "Basi pokea jembe. Na udongo unaenda juu."

Jumatatu nikaenda kwa kocha. Nikamwambia makosa yale matano ni yangu.

"Lakini wewe unanifungia ishirini!"

"Na mtu wangu anafunga ngapi?"

Akahesabu kwa vidole. Mwishowe akasema, "Jumamosi utamkaba namba saba wa wapinzani. Mpira usahau."

Nilimkaba. Nilifunga pointi mbili, nikatapika nyuma ya kikapu, na tukashindwa kwa pointi moja. Lakini rafiki yangu alimaliza mechi ndani, ana kosa moja tu. Mmoja wa wale vijana wa ukutani akapaza sauti, "Leo buda amerudi nyumbani!" Msimu ulipoisha walimbakiza yeye, wakaniacha mimi. Ilikuwa haki.

Namshukuru aliyenipa kitanda, mama yake aliyenipa chakula hata baada ya kujua yote, na yule mama wa gumbuti. Mwenzangu, kama kuna mtu nyumbani kwako au kazini anayeonekana mkosaji kila siku, kabla hujamhukumu panda juu kidogo. Huenda ukajikuta wewe umesimama huko.

Siku ya kuondoka ilinyesha. Katika miji minne hakuna aliyewahi kuniambia nibaki. Rafiki yangu aliniambia, "Si ukae, tutafute kibarua kingine?" Miguu ikakataa, na bado ninajuta. Nilibeba mfuko wangu, lakini kabla ya kushuka barabarani nikapitia shambani, kwenye kile kipande nilichokichimba upya. Maji yalikuwa yamejaa nyuma ya tuta, mekundu, yanasukuma. Nilisimama pale nikilowa mpaka nguo zikanishika mwili.

Tuta halikuvuja. Ndipo nikaenda.