Msimsingizie Mungu Kifo cha Bertilla

Nikalisheni, wanangu, mgongo uegemee ukuta, maana nikilala chali pumzi inakatika kabla neno halijaisha. Margareth, kaa hapa ubavuni. Modesti, achana na hizo kuni. Na wewe Leonsi, usisimame mlangoni kama mgeni, sogea nikuone uso, kwa sababu maneno ya leo ni yako kuliko ya wenzako. Padri amekwisha kunipaka mafuta na dhambi zangu amezisikia, lakini niliyemkosea hajazisikia, na mficha maradhi kifo humuumbua. Sikilizeni mpaka mwisho, na msinililie kabla hamjajua mnamlilia nani.

Mali ni kidogo, haitatuchelewesha. Nyumba hii na ng'ombe wawili aliowaacha marehemu baba yenu ni vya Modesti. Vyungu, kanga zangu na jiwe la kusagia ni vya Margareth. Shamba la Mollo, lile la bondeni, ni la Leonsi. Modesti, najua ulilitazamia, lakini ukinisikia hutalidai.

Mwaka wa nzige mnaujua, wengine kwa kusimuliwa. Walipanda kutoka bonde la Rukwa asubuhi, tukadhani ni moshi wa mbuga inayoungua, wakatua, na jioni mahindi yalikuwa vijiti. Mwaka wa pili wakarudi. Bwana Shauri, yule mkubwa wa serikali, alipita akihimiza tupande mihogo, nasi tulikuwa tunachimba mizizi porini. Baba yenu alikuwa Lupa kwenye machimbo ya dhahabu, na kihenge alikiacha mikononi mwangu, na ulezi ndani yake ulinifika kifuani.

Bertilla, mdogo wangu wa tumbo moja, aliolewa na Rafaeli huko Muze. Jumapili moja nimetoka kanisani, ninasaga, nikamwona anaingia uani, wewe Leonsi uko mgongoni, miguu yake imevimba kwa njaa na kwa kupanda mlima. Akasema, "Shikamoo, dada." Nikaitikia, lakini sikumkaribisha kukaa. Akasema, "Rafaeli amelala na homa, hawezi hata kuinuka, na ndani hatuna punje. Nipe kibaba kimoja tu, dada, cha mtoto." Nikamjibu, "Kihenge ni kitupu, mdogo wangu. Hata sisi tunamngoja Mungu."

Wanangu, mikono yangu ilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko.

Aliitazama mikono ile, akanitazama usoni, akasema, "Basi dada, naomba maji." Husemwa udugu ni kufaana, si kufanana. Mimi na Bertilla tulifanana hata watu wakatuchanganya, na siku ya kufaana nikampa maji. Margareth, ulikuwa na miaka sita, ukauliza, "Mama, unga si uko ndani?" nikakupiga kofi, na tangu siku ile hukuwahi kuniuliza jambo mara mbili. Kofi lile halikuwa haki yako, mwanangu. Bertilla alikusikia. Akafunga mtoto vizuri mgongoni, akashika njia.

Siku ya tatu Abdala, yule mfanyabiashara wa Kizwite, alikuwa anapanda kutoka Muze na mizigo ya samaki wakavu, akamkuta kwenye mteremko amelala ubavu, amekufa, na mtoto bado anavuta ziwa lisilo na kitu. Alikuwa na haraka, hakuwa ndugu wala wa dini yetu. Akashusha mzigo, akamkorogea mtoto uji kwa unga wake wa njiani, akamfukia marehemu kwa mikono, yeye na wapagazi wake, akambeba Leonsi mpaka kwenye ua huu, maana sura ya marehemu ilimkumbusha yangu. Nikampokea. Kijiji kizima kikanisifu, na padri akanitaja kanisani kuwa mama wa huruma. Na kila aliyekuja kuhani alisema, "Ni mapenzi ya Mungu," nami nikaitikia, "Ni mapenzi ya Mungu."

Miaka ishirini na miwili nimemsingizia Mungu.

Si Mungu peke yake. Ukoo wetu ulimlaumu Rafaeli, eti mume gani anamwacha mke apande mlima na njaa, nami nikanyamaza. Leonsi, ulipoanza ujana baba yako Rafaeli alikuja na mbuzi kukutafuta, akasimama pale uani, nawe ukamwambia, "Sina baba." Nilikuwa jikoni nasikia. Aliondoka akimvuta mbuzi wake.

Nilimwuliza padri, nikijifanya naulizia wengine: kama Mungu ni mwema na anaweza yote, mbona hakumzuia mtenda ubaya? Akanijibu, "Mama, Mungu anaita, hakokoti, anayekokotwa hapendi." Nikarudi nyumbani nikalia, kwa kuwa mimi niliitwa. Bertilla alipokuwa akinywa maji nilikuwa nimeshika ngazi ya kihenge, na neno likanijia moyoni, Mpe, wazi kama mtu aniitaye kutoka shambani. Shetani hakunishika mkono. Njaa haikunishika, maana siku ile tulikuwa tumekula. Niliiachia ngazi mwenyewe. Kwa nini Mungu aliumba nzige sijui. Huenda nikamwuliza Mwenyewe, kama nitaruhusiwa kufungua kinywa. Lakini nzige walikula mahindi. Bertilla hawakumla.

Leonsi, umeniita mama tangu ulipojua kusema. Sikuombi unisamehe. Nakuomba uende Muze, Rafaeli angali hai, umwambie haya kama nilivyoyasema, usiyapunguze...

Umesimama. Modesti, mwachie njia. Usimshike mkono, nimesema! Mimi niliachwa huru nikatenda lile, yeye naye aachwe huru na hili. Msimlazimishe, hata nikifa leo, hata asipokuja kunizika. Margareth, amepita uani? Ameelekea... hapana, usiniambie.

Nipe maji kidogo. Basi, yatosha.

Nikizikwa, katekista asiseme nilikuwa mama wa huruma. Aseme Dominika tu, jina langu, na aombe. Msiuze shamba lake. Mkimwona njiani, msalimieni ninyi kwanza. Na mtu akija kwenu na njaa, wanangu, msimwambie habari za Mungu, mpeni chakula.

Inameni. Mkono hauinuki, Modesti, uweke wewe kichwani pako... hivyo. Mungu Baba awalinde, mlime mvune, mzae mlee, mioyo yenu isiwe... isiwe kama wangu. Margareth, Mungu akubariki. Modesti, akubariki. Na Leonsi, mwana wa Bertilla, popote alipofika sasa hivi... mwana wa mdogo wangu... umbariki, Bwana... hata kama hatageuka...