Gunzi Kati ya Fito

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi wazazi mnaoleta watoto kwenye mazoezi ya viungo hapa Korogwe, hamjambo? Mmeniomba niseme yangu. Mimi nikianza sinyamazi, mnijue mapema.

Nilikuwa darasa la sita, kijijini kwetu Mazingara, enzi za ujamaa. Jamani, enzi zile! Rimu ya gari ikigongwa asubuhi, kijiji kizima kinashika njia kwenda shamba la pamoja, majembe begani, nyimbo zimetangulia. Mpaka leo naikumbuka harufu ya udongo wa mvua za kwanza.

Wakaja watu wa chanjo, tukapanga mstari shuleni. Wenzangu walichomwa, wakaenda kucheza. Mimi, wiki ya pili, bega likaanza kuuma, nalia usiku na mchana. Maumivu yalipopungua, mkono ukawa hauinuki. Nyama ya bega ikasinyaa mpaka mfupa ukachomoza. Mama kwa huruma yake akaufunga kifuani kwa kanga, upumzike. Wiki zikapita, ukakakamaa.

Ndugu zangu, bega halikuniuma kama maneno. Shambani wakaniita kupe. Wazee mnaikumbuka hiyo kupe? Mtu anayekula jasho la wenzake! Nina miaka kumi na mitatu. Na akina mama wakaanza kuficha watoto: "Mwone yule, chanjo imemla mkono."

Baba akanipeleka hospitali. Mganga akanipima taratibu, akasema, "Hii ni nadra sana. Mishipa ya fahamu ya bega imevimba, misuli ikakosa nguvu. Mara chache mno hutokea baada ya chanjo. Wengi hupona, ila polepole. Sasa mzee, fungua hiyo kanga, mkono ufanyishwe mazoezi kila siku."

Bibi ndiye aliyeishika kazi. Jiko letu lilikuwa la fito tupu, halijakandikwa. Kila asubuhi alichomeka gunzi la muhindi kati ya fito. "Haya mjukuu wangu, lichukue kwa mkono huo mgonjwa." Nikilifikia, kesho yake analipandisha fito moja. Nilimchukia, Mungu anisamehe. Masika ikapita, vuli ikapita. Siku moja nikalichomoa chini ya paa kabisa. Bibi akakaa palepale kwenye majivu, akalia.

Watu wa chanjo waliporudi, mstari haukuwa na mtu. Nikamshika mdogo wangu kwa mkono uleule, nikampeleka mbele. Akina mama hawakunitazama usoni, walitazama mkono. Yule aliyeanza kuniita kupe akamvuta mwanawe, akaja nyuma yetu. Wengine wakafuata.

Nawashukuru baba, mama, na mganga yule ambaye hata jina lake sikulijua. Wazazi wenzangu, mtoto akichelewa kupata nguvu, msimfunge na msimpe jina. Mpandishieni fito moja moja.

Bibi tulimzika, na jiko lile halipo tena. Lakini mpaka leo jikoni kwangu kibiriti nakiweka juu kabisa, nikilalamika kila ninapokifuata.